Tarehe Moja, Majina Manne

(Hotuba iliyotolewa mbele ya chama cha Kiswahili cha shule ya upili, siku mbili kabla ya tarehe 10 Oktoba)

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliojikusanya karibu na mlango ili mponyoke mapema: hamjambo?

Nimeambiwa nina nusu saa. Nimeambiwa pia nisiwachoshe kwa tarehe. La kwanza nitajaribu kulitimiza. La pili haliwezekani, maana mmeniita nizungumzie sikukuu za taifa letu la Kenya, na sikukuu ni tarehe iliyovishwa nguo. Ukiivua gwaride, hotuba na ndege za jeshi zinazopasua anga, inabaki nambari kwenye kalenda na swali moja: nani aliichagua hii, akaiacha ya jana yake?

Nianze na ya keshokutwa. Nyinyi tarehe 10 Oktoba mnaijua kama Siku ya Mazingira. Mtapewa miche, mtachimba mashimo, mtapigwa picha, na wachache wenu mtarudi kuimwagilia. Kaka na dada zenu waliotangulia hapa shuleni waliijua kama Siku ya Utamaduni. Mimi nilipokuwa na kimo cha huyu kijana wa mstari wa mbele, ilikuwa Siku ya Moi.

Mazoezi ya kwaya yalianza Septemba. Tulisimamishwa uwanjani baada ya masomo, mistari minne, wafupi mbele, na mwalimu wa muziki akipita na rula kuhakikisha mikono inainuka sawasawa tukifika kwenye neno "Nyayo", kaulimbiu ya Rais Moi. Shati langu lilikuwa na kifungo kimoja cha rangi ya kahawia, mama alikitoa kwenye koti la baba, na kwa wiki tatu nilijifunza kuimba nimekunja kiganja kifuani ili kisionekane. Siku yenyewe tuliamshwa saa kumi alfajiri, tukapakiwa kwenye lori, tukafika uwanjani saa moja. Mkuu wa Wilaya alifika saa tano. Kati ya saa moja na saa tano palikuwa na jua tu. Ukibahatika ulipata pakiti ya maziwa ya Nyayo, ile ya pembetatu, unaing'ata kona kwa meno na nusu yake inakumwagikia.

Kisha hotuba. Mkuu wa Wilaya alisoma ya Rais, kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, na wazee waliokuwa chini ya mkaratusi wakaanza kusinzia mmoja mmoja. Alipomaliza aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Sasa, wananchi..." Uwanja mzima ukaamka! Hilo nimeliona mara nyingi tangu siku hiyo, hata Ikulu zilipobadilisha wenyewe. Sikukuu ya kitaifa Kenya ina hotuba mbili. Ya kwanza imeandikwa kwa Kiingereza na inahifadhiwa kwenye faili za serikali. Ya pili inatoka mdomoni kwa Kiswahili, haina karatasi, na ndiyo inayofika kwenye matatu jioni hiyo. Mwanahistoria atakayezisoma faili peke yake atakuwa amesikia nusu tu ya kilichosemwa.

Sitawadanganya kwamba nilichukia. Nilikuwa mtoto, nilipenda lori. Lakini hakuna aliyetueleza kwa nini siku ile. Tulijua Daniel arap Moi alichukua uongozi mwaka 1978, baada ya Mzee Jomo Kenyatta kufariki tarehe 22 Agosti, na kwamba 10 Oktoba ni siku yake. Basi. Sikukuu ya mtu aliye hai na aliye madarakani haihitaji maelezo, na pengine maelezo yenyewe yangekuwa hatari.

Sasa sikilizeni safari ya tarehe hii, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuja leo.

Mwaka 2010 tulipitisha Katiba mpya. Ibara ya 9 inataja bendera, wimbo, nembo na lakiri, halafu inataja siku za kitaifa, nazo ni tatu tu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Hakuna jina la mtu. Siku ya Moi ikaacha kuadhimishwa, na kwa miaka kadhaa 10 Oktoba ilikuwa siku ya kazi kama tarehe 9 na tarehe 11.

Novemba 2017 Mahakama Kuu ikaamua vingine. Jaji George Odunga alisema Katiba haikuifuta siku hiyo. Ilikuwa bado imeandikwa kwenye Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, na Bunge halijaibadilisha sheria hiyo, kwa hiyo kutoiadhimisha kulikuwa kukiuka sheria. Hoja ni ya kisheria, na kwa maoni yangu ni nzuri: sikukuu haifi kwa kusahauliwa, inakufa kwa kufutwa. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Tarehe 10 Oktoba 2018, Jumatano, Wakenya wakajikuta wana siku ya mapumziko isiyo na gwaride wala kwaya, wala mtu aliyejua anatakiwa kukumbuka nini. Nilifua.

Desemba 2019 serikali ikaibatiza Siku ya Huduma. Wakati huohuo Boxing Day, siku inayofuata Krismasi, ikavikwa jina Siku ya Utamaduni. Majuma machache tu baadaye, tarehe 4 Februari 2020, Mzee Moi akafariki, na Jumanne tarehe 11 Februari ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili taifa limuage pale Uwanja wa Nyayo. Tafakarini hapo. Mtu amevuliwa sikukuu Desemba, akapewa nyingine Februari, na hii ya pili ikaenda naye kaburini.

Mambo hayakuishia hapo. Jina "Utamaduni" likahamishwa kutoka Desemba likaletwa Oktoba, kama mtu anayehamisha kabati kutoka chumba hiki hadi kile, na Boxing Day ikarudishiwa jina lake. Mwaka 2021 tarehe 10 iliangukia Jumapili, na kwa kuwa sheria yetu husogeza mbele sikukuu iliyoangukia Jumapili, Siku ya Utamaduni ikaadhimishwa Jumatatu tarehe 11. Halafu mwaka 2024 sheria ikarekebishwa tena, na tukapata Mazingira.

Moi, Huduma, Utamaduni, Mazingira. Majina manne, tarehe ileile. Mimi nikisikia hili la mwisho hucheka peke yangu, na nitawaambia sababu. Mwaka 1989 serikali ya wakati huo ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Profesa Wangari Maathai, mpanda miti mashuhuri, akasimama akasema hapana. Alitukanwa bungeni, akaambiwa ni mwanamke asiyejua nafasi yake. Hakurudi nyuma, jumba halikujengwa, bustani ipo hadi leo, na mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Keshokutwa, mkishika majembe, mtakuwa mnapanda miti katika siku iliyokuwa ya Rais aliyegombana na mpanda miti. Sijui nani wizarani aliliona hilo. Nashuku hakuna.

Turudi kwenye zile tatu za Katiba. Kuna kitu nataka mkione, hasa nyinyi wa chama cha Kiswahili. Chukueni Katiba kwa Kiingereza, fungueni Ibara ya 9. Katikati ya Kiingereza kile chote mtakuta maneno Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, yameachwa yalivyo. Mawakili walioandika ibara zaidi ya 260 hawakuthubutu kuyatafsiri. Wangeandika nini? "Madaraka" si uhuru, na wala si utawala tu. Mkuu wa nyumba ana madaraka, yaani ana mamlaka na ana mzigo, kwa neno hilohilo moja. Na ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Juni 1963. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyochaguliwa, lakini ulinzi na mambo ya nje yalibaki mikononi mwa Uingereza, na gavana bado alikuwa na nyumba yake. Tulikabidhiwa jiko, funguo za lango tukaambiwa tungoje hadi Desemba.

Desemba ikafika. Usiku wa kuamkia tarehe 12, mwaka 1963, pale Bustani za Uhuru, Lang'ata, bendera ya Waingereza ilishushwa na yetu ikapanda. Huku juu, kwenye baridi ya Mlima Kenya, mpanda milima Kisoi Munyao alikuwa ameibeba bendera nyingine hadi kileleni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyohiyo, tukawa jamhuri, na Malkia wa Uingereza akaacha kuwa mkuu wa nchi hii. Ndiyo, kwa mwaka mzima wa uhuru wetu alikuwa bado mkuu wetu. Wanafunzi wangu huwa hawaamini hadi niwaonyeshe kitabu.

Jirani zetu walipitia njia ileile. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Matukio mawili, tarehe moja, kama sisi. Lakini wao siku hiyo wanaiita Uhuru, sisi tunaiita Jamhuri. Mmoja amechagua kukumbuka mlango ulipofunguliwa, mwingine siku hati ya nyumba ilipoandikwa jina lake. Neno "jamhuri" lilitujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni umati, kundi kubwa la watu. Kwa hiyo tarehe 12 Desemba ni sikukuu ya umati. Linawezekana kuwa jina bora kuliko uhuru, ingawa nakubali halipendezi kwenye wimbo.

Tarehe 20 Oktoba ndiyo inayoniumiza kichwa.

Usiku wa tarehe hiyo mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na askari wakaanza kugonga milango. Miongoni mwa waliokamatwa katika msako huo walikuwamo sita waliokuja kushtakiwa pamoja Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Baada ya uhuru siku hiyo ikafanywa sikukuu, nayo ikaitwa Siku ya Kenyatta. Walikuwa sita. Jina likabaki moja.

Na kuna jambo ambalo halikusemwa katika hotuba yoyote niliyosikia utotoni. Oktoba 1969, baada ya vurugu za Kisumu, serikali ya Kenyatta ilimtia Achieng' Oneko kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Alitoka mwaka 1975. Maana yake, mwaka baada ya mwaka, taifa lilipokuwa likiimba kukumbuka kukamatwa kwa Kenyatta, mmoja wa waliokaa naye kizimbani Kapenguria alikuwa kizuizini kwa amri ya serikali ya mwenzake. Sikukuu huweza kusema kweli tupu na bado ikaficha.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kwenda uwanjani siku hiyo, na uwanja ulikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Alikuwa akikaa barazani na ungo wa maharagwe, anachagua. Ukimuuliza alikuwa wapi mwaka 1952, alikujibu kwa vitu, hakukujibu kwa miaka: mtaro waliochimbishwa kuzunguka kijiji, miti iliyochongwa ncha iliyosimikwa ndani yake, filimbi ya jioni ambayo ikishalia huruhusiwi kuonekana nje. Mwaka 1954 Waingereza walianza kuwahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vya namna hiyo, zaidi ya milioni moja, na yeye alikuwa mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni. Nilipomwuliza kwa nini haendi kusherehekea, alisema bila kuinua macho kwenye ungo, "Hiyo ni ya waliokamatwa usiku mmoja. Sisi tulikamatwa miaka saba."

Nilikuja kuelewa baadaye sababu nyingine ya ukimya wake. Marufuku iliyowekwa na mkoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa wakati wa uhuru. Iliondolewa mwaka 2003. Miaka 40 ya Siku ya Kenyatta, na chama ambacho Kenyatta alishtakiwa kwa kukiongoza kilikuwa bado haramu kisheria! Sanamu ya Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007, miaka 50 kamili baadaye. Na Uingereza ilisubiri hadi Juni 2013 ndipo ikasema inasikitika, na ikakubali kuwalipa fidia waliodai mateso, watu 5,228. Bibi hakuwa katika orodha hiyo. Alikuwa amekwisha tangulia.

Ndiyo maana mwaka 2010, Kenyatta ilipogeuzwa kuwa Mashujaa, mimi nilifurahi, nikiwa miongoni mwa wachache waliofurahia kubadilishwa kwa jina. Ghafla mlango ulikuwa mpana. Mekatilili wa Menza, aliyewakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akaingia. Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe wao, akaingia. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ambaye afisa wa Kiingereza alimpiga risasi kwenye mkutano ulioitwa wa amani, akaingia naye. Mnajua aliuawa lini? Tarehe 19 Oktoba 1905. Siku moja kabla. Hakuna aliyepanga, lakini mimi kila mwaka huanza Mashujaa yangu jioni ya tarehe 19.

Jambo jingine zuri lililofanyika ni sherehe kutoka Nairobi. Tangu Madaraka ya mwaka 2016 kule Nakuru, zimekuwa zikizunguka kaunti: Kakamega, Mombasa, Kisumu, Embu, Kericho, Bungoma, Kwale, Homa Bay. Wapinzani wa mpango huu husema ni gharama. Ni gharama, kweli. Lakini muulizeni mtu wa mji ambao sherehe zimepita, atawaonyesha barabara iliyotiwa lami wiki mbili kabla ya Rais kufika. Pengine tuzihamishe kila mwezi.

Kuhusu sikukuu za dini sitasema mengi. Wazee wa dini wapo hapa na wanazijua kuliko mimi. Niseme tu kwamba Idd ndiyo sikukuu pekee nchini inayoidhalilisha kalenda ya ofisini, kwa kuwa hadi mwezi uonekane hakuna katibu, waziri wala mwajiri anayejua kesho ni kazi au la. Kwangu hilo ni jambo jema. Angalau siku moja serikali nayo inatazama juu kama sisi.

Zipo pia siku za mapumziko zinazoanguka kama mvua ya ghafla. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipumzishwa tupande miti. Tarehe 10 Mei 2024 tukapumzishwa kuwaomboleza waliokufa kwenye mafuriko, na tukaambiwa tupande miti tena. Hizo hazina mizizi bado, isipokuwa ile ya miche.

Lakini kuna siku ambazo hazimo kwenye Gazeti Rasmi, hazina gwaride, hazimpi mtu yeyote ruhusa ya kukosa kazini, na bado watu wanazijua kuliko tarehe ya ndoa yao. Tarehe 10 Februari, muulizeni mtu wa Wajir. Atawaambia kuhusu uwanja wa ndege wa Wagalla, mwaka 1984, wanaume waliokusanywa na kuvuliwa nguo juani siku kadhaa, na wengi ambao hawakurudi nyumbani. Tarehe 7 Agosti, nendeni pale palipokuwa ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, bomu lilipolipuka mwaka 1998. Majina ya waliouawa Nairobi, zaidi ya 200, yamechongwa ukutani, na kila mwaka kuna mtu anayekuja kugusa jina moja tu na kuondoka.

Na Saba Saba. Hapa lugha yetu inatuchezea. Sema "Saba Saba" Dar es Salaam, watu watafikiria maonesho ya biashara, aiskrimu na msongamano wa Barabara ya Kilwa. Asili yake ni tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilipozaliwa, na hadi leo Tanzania ni sikukuu. Vuka mpaka, sema "Saba Saba" hapa Kenya, na wenye maduka wataanza kuangalia vitasa. Kwetu ni tarehe 7 Julai 1990. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Wakatiwa kizuizini siku chache kabla. Watu wakaenda bila wao, wakakutana na marungu, vitoa machozi na risasi, na ghasia zikaendelea siku kadhaa mijini. Mwaka uliofuata, Desemba, kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kikafutwa. Tofauti ya nchi mbili, maneno yaleyale mawili. Ndiyo maana nasema sikukuu haisomwi kwenye kamusi.

Siku hiyo haijawahi kuandikwa kwenye Sura ya 110. Wapo wanaosema iandikwe. Mimi nasitasita, na sisitasiti kwa woga. Nimeiona 10 Oktoba ikivuliwa jina na kuvishwa jingine mara tatu, na nimeiona 7 Julai ikikaa na jina lake zaidi ya miaka 30 bila karatasi ya mtu yeyote. Vijana waliojitokeza kuandamana tarehe 25 Juni 2024, na wakarudi tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata kuwakumbuka wenzao waliouawa, hawakungoja tangazo la waziri.

Nusu saa imekwisha, Mwalimu Mkuu ameshaangalia saa mara mbili. Nilikuwa na maneno mengine kuhusu Siku ya Wafanyakazi, lakini nayaacha. Tangu nilipotaja Kamukunji kuna mzee pale dirishani, mwenye kofia ya kijivu, ameinua mkono na hajaushusha. Nadhani alikuwapo. Mpelekeeni maikrofoni, tafadhali. Mzee wangu, shikamoo. Simama tukusikie.